Vigingi Vilivyotembea Kuelekea Baharini

Tangu nistaafu, vijana wa kituo chetu cha utafiti wa bahari hamjaniacha nipumue. Kila nikipita kuwasalimu mnaniambia, "Bi Sidi, tuandikie ya zamani." Haya, naandika. Ila ya vyeo na mishahara msiyatarajie. Hayo yako kwenye faili, na faili lenyewe limejaa vumbi la kuwatosha. Nitaandika juu ya mchanga, mawimbi na vigingi vya mbao, maana huko ndiko ulikokwenda umri wangu.

Mimi ni mtoto wa Kakuyuni. Kwetu tulilima mahindi na mihogo, na bahari tuliiona Krismasi tu, tena kwa mbali, kwa sababu mama yangu aliamini kwamba maji yakishakuona yanakukumbuka. Nilipomwambia nimepata kazi ya kupima mawimbi, aliacha kutwanga akanitazama.

"Miaka yote hiyo shuleni, ukapime maji? Kwani yanauzwa?"

"Hayauzwi, mama."

"Basi nani anayetaka kujua ni mangapi?"

Swali hilo nimeulizwa tena na wakubwa wengi, wenye tai na magari ya serikali, na hakuna aliyeliuliza vizuri kama yeye.

Siku ya kwanza kazini nilifika na kofia mpya, kalamu mpya na raba nyeupe. Mkuu wetu alikuwa Daktari Karanja, mtu wa Nyeri, aliyekulia kwenye baridi na viazi. Samaki hali, jua halimpendi, na viatu vyake vya ngozi alivivaa mpaka mchangani. Alinipeleka ufuoni Bofa, mbele ya hoteli, akanionyesha pahali pa kukaa. "Kaa hapa mpaka maji yapwe na yajae tena. Usiandike kitu." Nikakaa. Watalii walidhani nauza shanga, na mmoja aliniuliza bei.

Jioni Daktari alirudi. "Umeona nini?"

"Nimeona mawimbi, Daktari."

"Mawimbi kila mtu anayaona. Mchanga ulikuwa unaelekea wapi?"

Sikujua. "Basi kesho utakaa tena," akasema, akaenda zake na viatu vyake.

Kesho yake nilikaa nimenuna. Lakini kununa kuna mwisho wake, na mtu akishachoka kununa huanza kutazama. Ndipo nilipoona kwamba wimbi haliji moja kwa moja, linakuja mshazari, na kila linapopanda ufuoni linabeba punje za mchanga na kuziacha mbele kidogo ya pale lilipozikuta. Wimbi baada ya wimbi, mchana kutwa. Mchanga niliokuwa nimeukalia asubuhi ulikuwa njiani kwenda kwa jirani. Nilipomweleza Daktari hakunisifu. Alinipa nyundo na kopo la rangi nyekundu, akaniambia nimeajiriwa.

Aliyenifunza mengine yote ni Bwana Shee, fundi wetu wa vyombo na nahodha wa boti, mzaliwa wa mji wa kale wa Malindi. Alipogundua sijui kuogelea alizima mashine ya boti kabisa ili anitazame vizuri.

"Ewe mwana! Wataka kuipima bahari na kuogelea hujui? Sasa ukianguka nimwambie nini mamako, ati umekwenda kupima kwa ndani?"

Akanipeleka hori ya Mida, upande wa Dabaso, ambako maji yametulia kati ya mikoko. Nilivaa nguo zangu zote, na leso juu yake. "Usipigane nayo," alikuwa akisema. "Maji hayana ugomvi nawe. Lala tu, kama walalia kitanda cha kwenu." Niliinywa ile hori nusu, lakini nilielea. Siku nilipovuka kutoka boti hadi kwenye mikoko peke yangu, Shee alipiga kigelegele kama mwanamke harusini, na ndege wote wakaruka.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache, na tulivitunza kama mayai. Kulikuwa na darubini ya miguu mitatu ya kutazamia usawa wa ardhi, na mti mrefu wenye namba ambao mmoja wetu alisimama nao majini huku mwenzake akimfokea aunyooshe. Kulikuwa na chombo cha mawimbi, cha chuma, kikubwa kama thermosi ya chai. Hicho tulikifunga kwenye jiwe la saruji tukakizamisha karibu na mwamba, kikae kule chini kikihisi uzito wa maji yanayopita juu yake. Wimbi kubwa, uzito mwingi. Wimbi dogo, uzito kidogo. Kazi rahisi, isipokuwa nyavu za watu nazo zilikuwa na kazi yake. Mara moja mama mmoja alituletea chombo chetu kimefungwa ndani ya kanga, akitembea polepole kama aliyebeba mtoto mchanga, kwa sababu mumewe alikuwa amevua bomu. Soko zima lilikuwa limekwisha kimbia. Shee alikipokea, akakipiga busu, na yule mama nusura azimie.

Jambo moja mtalikuta, na msishangae: hakuna mtu ambaye bahari inamridhisha. Pale Malindi, mto Sabaki unashusha udongo na mchanga kila mvua inyeshapo bara, na ghuba inajaa, na maji yanazidi kwenda mbali. Mwenye hoteli mmoja aliniuliza kama naweza kuirudisha bahari kabla ya msimu wa wageni. Wiki hiyo hiyo, kusini, mwingine alitaka niisukume nje ya bustani yake. Niliwaambia wote wawili nitaandika maombi.

Sasa nije kwenye vigingi. Hiki ndicho kisa mnachokitaka. Kijiji sikitaji jina. Ni kimoja kati ya Bofa na Mida, na wenyewe wakisoma watajijua.

Kipimo chetu cha ufuo kilikuwa hivi. Juu ya ufuo, kwenye ukingo wa viwanja vya watu, tulipigilia vigingi vya boriti ya mkoko, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Kila mwaka, wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote, tulivuta tepu kutoka kigingi hadi pale maji yalipofika. Umbali ukipungua mwaka hadi mwaka, bahari inakuja. Ukiongezeka, inakwenda. Kifaa cha setilaiti kilikuwa kimoja kwa pwani nzima, na kila tulipokiomba kilikuwa kwingine.

Kabla ya kupigilia tulifuata adabu zote. Tulimwona chifu, tukaitisha watu, tukaeleza. Watu waliitikia vichwa, wakatuangulia madafu. Tukarudi kituoni tumeshiba tukidhani tumeelewana.

Kigingi kimoja kiliangukia kwenye boma la Mama Kadzo, mjane, nyumba ya kwanza ukitoka majini. Mumewe, Mzee Kalume, alikuwa amezikwa hapo hapo uani, upande wa bahari, kaburi la udongo lililozungushiwa kome. Nakumbuka kwamba kaburi lilikuwa mbele yangu, kati yangu na maji, nilipokuwa nikipiga nyundo, kwa sababu nilimwomba marehemu radhi kwa kelele.

Baadaye nilipelekwa masomoni ng'ambo. Niliporudi, Daktari Karanja alinionyesha vipimo vya kijiji kile, vilivyoletwa na vibarua wapya kila mwaka, na sura yake haikuwa nzuri. Kila mwaka umbali ulipungua, na si kidogo. Kwa mwendo ule, alisema, nyumba za mbele zingekuwa majini kabla ya watoto wa chekechea kumaliza shule. Ripoti ilikuwa imekwisha pelekwa kwa wakubwa, na wakubwa, ambao kwa kawaida ripoti zetu walifungia maandazi, safari hii walikuwa wameisoma. Kijiji kizima kingehamishwa, kipelekwe bara, kwenye ardhi kavu mbali na bahari. Baraza lilikuwa limetangazwa kuwa Jumatatu.

Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Nilimkuta Mama Kadzo anapeta mchele. Tulisalimiana kwa Kigiriama, salamu zile ndefu, mpaka kuku wa pande zote mbili wakajulikana hali. Kisha nikatembea hadi kwenye kigingi, nikageuka, nikasimama pale pale.

Kaburi la Mzee Kalume lilikuwa nyuma ya kigingi.

Bahari nimeisoma miaka mingi, na nawaambieni inaweza kufanya mengi: inakula ukuta, inazika boti, inageuza mdomo wa mto. Lakini haiwezi kulinyanyua kaburi na kome zake ikalipitisha upande wa pili wa boriti. Nilikitazama kigingi cha jirani. Nacho kilikuwa kimesogea. Na cha tatu vile vile. Mstari wote ulikuwa umeshuka kuelekea baharini, umenyooka vizuri, kama askari kwenye gwaride.

Nilirudi nikaketi kwenye mkeka. "Mama, kigingi hiki kimehama."

"Kigingi?" Hakuinua macho kwenye ungo. "Cha serikali hicho. Nani atakigusa?"

Mimi ni Mgiriama, na nilipaswa kulijua jambo hili kuliko Daktari Karanja wa Nyeri. Kwetu watu wengi wanaishi kwenye ardhi waliyozaliwa, na babu zao walizaliwa papo hapo, lakini karatasi yake hawana. Asubuhi moja huja mtu na tepu. Kwanza kigingi, kisha waya, kisha askari. Unaweza kuueleza ufuo kwa Kiswahili kitamu mpaka koo likauke. Mtu anayekusikiliza haangalii mdomo wako, anaangalia ile rangi nyekundu.

Basi nikaacha habari za kigingi, nikamweleza habari za tepu. Kwamba sisi hatupimi shamba, tunapima bahari. Kwamba kigingi kikisogea kuelekea majini, umbali unapungua, na sisi tunaandika kwamba maji yamekuja. Kwamba kwa sababu yamekuja, Jumatatu watu wataambiwa wahame.

Ungo ulisimama.

"Kwa hivyo," akasema, "bahari nimeileta mimi?"

Sikujua nicheke au nilie, na yeye naona hakujua. Kisha yote yakatoka. Alidhani kutoka majini mpaka kigingi kutakuwa kwa wenye hoteli, na nyuma ya kigingi ndiko kwake. Na sisi tulikuwa tumemwacha Kalume upande wa hoteli. "Ningelalaje, mwanangu? Mume wangu alale kwa watu, mimi nilale kwangu?" Akaking'oa, akakipigilia mbele ya kaburi. Jirani akaona. Jirani naye hakutaka ardhi yake iwe fupi kuliko ya mjane, akasogeza chake, akapitiliza kidogo. Mama Kadzo akaona amepitwa. Kila mwaka upepo wa kusi ukitulia walisogezana hivyo hivyo, bila mtu kumtamkia mwenzake neno.

"Mama, hayo uliyoniambia, yaseme barazani. Yakisemwa hapo hakuna atakayehama."

"Na wakinifunga?"

Sikumdanganya kwamba hawatamfunga. Akinyamaza, angehamishwa amwache Kalume peke yake na mawimbi. Akisema, aliamini kabisa kwamba angelala jela. Niliaga nikaondoka, na sikuwa na raha hata kidogo.

Baraza lilifanyika katika darasa la chekechea kwa sababu ya mvua. Wazee wazima waliketi kwenye vile viti vidogo, magoti yamewafika kidevuni. Afisa aliyetoka makao makuu aliisoma ripoti yetu kwa sauti ya msiba. Nilikuwa nimekwisha mwambia Daktari kwamba vigingi vimehama. Alikuwa ameniuliza ushahidi ni nini, nikamwambia ni kaburi na mjane, akaguna. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kusimama kusema vigingi vimehamishwa, lakini nani kavihamisha nilikuwa nimeapa moyoni sitasema.

Afisa akafika pale pa kuhama. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Mama Kadzo akasimama, leso ameishika kwa mikono miwili.

"Bwana mkubwa, shikamoo. Bahari haina mbio hizo. Kigingi nilikihamisha mimi."

Halafu jirani yake, mwanamume wa miraba minne, akajinasua kwenye kiti kilichokuwa kimemng'ang'ania. "Mimi pia," akasema. "Lakini yeye ndiye aliyenifunza." Mtu akacheka. Mwingine akasimama, na mwingine. Mwisho akasimama mchungaji, akakohoa, akasema kile cha uwanja wa kanisa kilisogezwa na kamati, yeye aliomba tu.

Afisa hakucheka. "Mnajua kuhamisha alama ya serikali ni kosa? Mnajua naweza kuwashtaki nyote?"

Mama Kadzo aliketi. Na hapo Daktari Karanja, ambaye miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya alichoulizwa, akanyanyuka na viatu vyake vyenye matope.

"Vigingi ni vyangu," alisema. "Na mimi sijalalamika."

Akatoka nje mvuani. Tukamfuata wote. Mama Kadzo ndiye aliyetangulia, alikwenda moja kwa moja nyuma ya kaburi, akaingiza kidole cha mguu mchangani, akasema, "Hapa." Kila mmoja akaenda kuonyesha pake, wakigombana nani alisogeza zaidi, fahari sasa ikiwa ya aliyesogeza kidogo. Tukapima upya, safari hii tukianzia kwenye msingi wa kanisa na ukingo wa kisima, vitu ambavyo hata kamati haikuwa imeweza kuvibeba. Shee alishika mti, mimi nikasoma darubini, Daktari akaandika huku karatasi inalowa.

Bahari ilikuwa imekuja, lakini kwa mwendo wake wa siku zote, taratibu. Ripoti ikarudishwa, kuhama kukafutwa. Afisa aliondoka bila kuaga. Sisi tulibaki, tukala wali wa nazi kwa Mama Kadzo, na Daktari akala samaki kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisema si mbaya sana, na ile kwake ilikuwa sifa kubwa.

Nilipokuwa nakunja tepu, Mama Kadzo alinijia peke yake. "Sasa niambie kweli. Bahari itamfika Kalume?"

Nilitamani kusema hapana. Lakini huyu alikuwa amesimama mbele ya baraza akasema kweli iliyomtisha, nami niliona haya kumpa yangu nusunusu. "Itamfika, mama. Si leo, na si katika umri wako. Lakini inakuja."

Alitazama kaburi, akatazama maji, akapima kwa macho kama mtu aliyeifanya kazi yetu miaka mingi. "Basi siku yangu ikifika wanilaze mbele yake, upande wa bahari. Ianzie kwangu."

Nilimkumbatia, nikalia mbele ya Shee na Daktari na kuku wote.

Daktari alistaafu akarudi kwenye baridi yake. Shee yuko Malindi, anafundisha wajukuu kuogelea kwa kelele zile zile. Mimi niliendelea, na kila mwaka nilianzia kazi kwa Mama Kadzo, nikipokelewa kwa muhogo na maswali: mwaka huu imekula kiasi gani, na kwa jirani je? Nilipobakiza miezi michache nistaafu, nilipata habari kwamba amefariki. Nilikwenda matangani. Walikuwa wamemlaza kama alivyotaka, mbele ya Kalume, upande wa bahari.

Nilirudi huko kwa kipimo changu cha mwisho. Binti yake, Kadzo, alikuwa ameshalijengea kaburi kwa saruji, imara, pembe zake zimenyooka. Nilisimama pembeni na tepu mkononi, nikitafuta pa kuanzia bila kumkosea heshima marehemu. Kadzo akanishika mkono akanipeleka hadi kwenye pembe ya kaburi.

"Anzia hapa, dada. Mama aliniachia neno la kukwambia. Alisema, mwambie Sidi, kigingi hiki sitakihamisha."